Mzee wa stoo na mishahara yake miwili: kisa cha mpango wa pensheni ambao hesabu zake zililingana miaka saba

Alikuja ofisini kwetu Upper Hill, tunakosimamia mipango ya pensheni, siku ya Alhamisi, Machi 2025, akiwa na kopo la Kimbo la kilo mbili chini ya kwapa. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na hati zake za mshahara, zimeviringishwa mwaka kwa mwaka na kufungwa raba, kuanzia 2009. Alikuwa ametoka zamu ya usiku huko Lunga Lunga Road, na bado alikuwa na vumbi la katoni kwenye kola.

"Kijana wangu," akasema akikaa, "sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza hesabu tu."

Akatoa hati ya Februari, akaikunjua juu ya meza na kuiwekea simu yake isijikunje. Akapitisha kidole. NSSF, 2,760. Pensheni ya kampuni, 2,000.

"NSSF wanakata asilimia sita. Hii 2,760 gawa kwa sita, zidisha kwa mia, ni 46,000. Nyinyi mnakata tano. 2,000 gawa kwa tano, zidisha kwa mia, ni 40,000. Sasa nieleze. Mimi nina mishahara mingapi?"

Nimeona ripoti nyingi za ukaguzi za kurasa sitini ambazo hazikuuliza swali zuri kama hilo. Kisa chenyewe sasa kimekwisha kwa sehemu kubwa, na wadhamini, wanaoushika mpango wa pensheni kwa niaba ya wanachama, wamekubali nikieleze mradi nisitaje kampuni. Ni kiwanda cha vifungashio, Industrial Area, chenye wanachama 143 wa pensheni walio kazini. Mwanachama anachanga asilimia 5, mwajiri asilimia 7.5. Kila mtu ana chungu chake: atakachochukua akistaafu ni kile kilichoingia pamoja na faida iliyozaliwa humo, basi. Mwajiri hajaahidi kiwango chochote cha pensheni. Kwa hivyo shilingi isiyoingia leo haina mtu wa kuifidia kesho.

Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 iligawa kazi makusudi. Wadhamini wanaamua. Msimamizi, ambayo ndiyo kazi yangu sasa, anatunza daftari la kila mwanachama. Meneja wa uwekezaji anachagua pa kuweka pesa, na mtunzaji mali, ambaye kwa kawaida ni benki, anazishika. Mwisho wa mwaka mkaguzi anapitia, na hesabu zilizokaguliwa zinatakiwa kufika kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ile RBA ya Rahimtulla Tower, ndani ya miezi mitatu. Mikono ni mingi ili mmoja asiweze kuondoka na sanduku. Utaratibu huo ni mzuri sana dhidi ya mwizi. Hapa hapakuwa na mwizi.

Kwanza, mbona swali likazuka Februari 2025 na si mapema? Jibu liko kwenye dari ya NSSF. Sheria mpya ya NSSF ya 2013, iliyokaa mahakamani miaka na mikaka hadi ikaanza kutekelezwa Februari 2023, inakata asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri, lakini mpaka kiwango fulani tu cha mshahara. Mwaka wa kwanza dari ilikuwa 18,000. Wa pili ikawa 36,000. Mtu wa 40,000 na mtu wa 46,000 walikatwa sawa kabisa, 1,080 na baadaye 2,160, maana wote walikuwa wamegonga dari. Februari 2025 ikapandishwa hadi 72,000. Kwa mara ya kwanza makato ya mzee yakahesabiwa kwa mshahara wake mzima, na tofauti ikajitokeza kama mwamba maji yanapokupwa.

Makato mengine pia yalimsaidia, ingawa hatapenda kusikia hivyo. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5, kisha bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024, zote zinakatwa kwa mshahara wa jumla. Zamani watu walitazama mstari wa mwisho wa hati ya mshahara na kuikunja. Miaka hii miwili imewafundisha wafanyakazi wa Nairobi kusoma kila mstari, kwa hasira.

Mzee alipotoka nilimwomba aniachie lile kopo. Akakataa. Alikaa kwenye kiti cha mapokezi dakika arubaini huku mwenzangu akipiga picha hati moja moja, akizihesabu zinavyotoka na zinavyorudi.

Hati ya amana ya mpango, yaani mkataba wa msingi unaouanzisha na kuuongoza, iliandikwa 2009. Ukurasa wa nne, kwenye maana za maneno, inasema mshahara unaokatwa pensheni ni "mshahara wa msingi pamoja na marupurupu ya nyumba". Hapana utata hapo. Na hadi Desemba 2017 hapakuwa na tatizo, kwa sababu kampuni ililipa mshahara mmoja usiogawanywa, nyumba ikiwa ndani yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu hivyo. Pensheni ikakatwa kwa kiasi chote.

Januari 2018 kampuni ilinunua programu mpya ya mishahara. Ofisi ya wafanyakazi ikaona heri kutenganisha: msingi huku, nyumba kule, nyumba ikiwa asilimia 15 ya msingi. Hakuna aliyepunguziwa mshahara. Fundi aliyeisimika programu akauliza pensheni ikatwe wapi, mtu akamjibu "kwa msingi", kama inavyofanyika katika kampuni nyingi, naye akabofya kitufe. Hata barua mpya za ajira zikaandikwa hivyo. Waliohusika ni watu watatu, na nimezungumza na wawili wao. Hakuna aliyewahi kuiona ile hati ya 2009. Ilikuwa kwa wakili, kwenye kabati, Kimathi Street.

Kwa mzee wetu, ambaye mwaka huo alikuwa akipata 39,100, msingi ukawa 34,000 na nyumba 5,100. Hiyo 5,100 ikatoka machoni pa pensheni. Asilimia 5 yake na 7.5 ya mwajiri ni shilingi 637 na senti 50 kila mwezi zisizoingia. Kuanzia 2022, alipofika 46,000, pengo likawa 750: yake 300, za mwajiri 450. Na zile 300 zilibaki kwenye mshahara wake, zikakatwa kodi ya asilimia 30, akapeleka nyumbani 210. Ni nani angelalamika kwa mshahara ulioongezeka, hata kama ni nauli ya siku mbili?

Sasa kwenye ukaguzi, ambako ndiko hasa ninataka kukaa.

Kila mwaka mkaguzi alifanya alichotakiwa. Alichukua orodha ya michango ambayo kampuni huituma kila mwezi. Akachukua taarifa ya benki ya mtunzaji mali. Akachukua daftari la msimamizi. Akazilinganisha zote tatu, na zikalingana hadi senti. Saba mfululizo, ripoti safi. Lakini hebu tazama zinatoka wapi. Orodha imetoka kwenye programu ya mishahara. Pesa zimelipwa kwa kufuata orodha. Daftari limeandikwa kwa kufuata orodha. Ni kama kumuuliza mtu mmoja swali moja mara tatu kisha kufurahi kwamba majibu yamefanana.

Nilipomweleza mzee hivyo, alicheka. Stoo wana kadi inayoning'inia kwenye kila rafu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. "Mkaguzi wetu akija," akasema, "hatuulizi kama kadi inafanana na kitabu. Kadi naandika mimi, kitabu naandika mimi. Anapanda ngazi anahesabu katoni."

Katoni zetu zilikuwa ukurasa wa nne wa hati ya amana. Kazi nzima ingechukua asubuhi moja. Unachagua watu kumi wa madaraja tofauti, unasoma maana ya mshahara kwenye hati, unachukua hati zao za mshahara, unapiga hesabu upya kwa mkono, ndipo unafungua orodha kuona kama wamekuja kule kule. Ukianza na orodha umeshapotea.

Na kulikuwa na dalili. Michango ya 2018 ilishuka kwa karibu asilimia 16 ikilinganishwa na ya 2017. Kwenye faili la ukaguzi kuna karatasi inayoeleza sababu: "Upungufu umetokana na wafanyakazi 17 walioacha kazi katika mwaka." Ni kweli waliacha 17. Lakini waliajiriwa 9 mwaka huo huo, na ukipunguza watu wanane kati ya mia moja na hamsini hupati 16, unapata kama 5. Maelezo yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa mafupi mno kulifunika shimo lile. Mwandishi wake alikuwa kijana wa mwaka wa pili kazini, Machi, tarehe za mwisho zimembana, na mhasibu wa kampuni alimpa sababu kwa simu, sauti ya upole. Akaiandika. Mkubwa wake akatia sahihi.

Kijana huyo ni mimi. Nilihamia upande wa usimamizi baadaye, na mpango huu ukatufuata 2022 kampuni ilipobadilisha msimamizi. Siku ya kwanza ya kikao cha dharura cha wadhamini nililisema hilo kabla ya kufungua mdomo kwa jingine lolote, nikajitolea kuachia mtu mwingine kazi hii. Wakaniambia nibaki, ila hesabu zangu zipitiwe na mkaguzi ambaye hajawahi kuuona mpango huo. Ilikuwa haki. Na sisi wasimamizi tusijifiche nyuma ya wakaguzi: tulipopokea mpango tulipewa salio za wanachama na kijitabu chao, na kijitabu kinasema "mshahara unaokatwa pensheni" bila kueleza ni upi. Hati kamili tuliomba, ikaja imepigwa picha, ikawekwa kwenye folda. Kuwekwa kwenye folda si kusomwa.

Katika kupekua tulikuta pia kwamba michango ilikuwa ikichelewa. Inatakiwa ifike kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ilikuwa inafika tarehe 20 na kitu, miezi mingi. Hilo lilimalizwa haraka: kampuni ikalipa faida ya siku zilizopotea na tarehe ikarekebishwa.

Kuhesabu deni lenyewe hakukuwa haraka. Hesabu ya mzee ilitumika kama mfano. Miezi 48 ya 2018 hadi 2021, kwa 637.50, ni 30,600. Miezi 38 hadi Februari 2025, kwa 750, ni 28,500. Jumla 59,100: mwajiri 35,460, mwenyewe 23,640. Ukiongeza faida ambayo mpango ulitangaza kila mwaka, mwezi kwa mwezi, inapita 80,000. Mhasibu wa kampuni alipendekeza tutumie kiwango kimoja cha wastani ili kuokoa muda. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi. Aliyeacha kazi 2020 na aliyebaki hadi leo hawakuishi miaka ile ile. Wastani humnyang'anya mmoja na kumpa mwingine. Ilichukua wiki tatu za Excel. Kwa wanachama wote, walioko na waliotoka, deni kabla ya faida lilikuwa milioni 11 na kidogo.

Kikao kilichofuata kilifanyika katika chumba cha mikutano cha kiwanda, juu ya mashine, meza ikitetemeka. Wadhamini ni sita, watatu wa kampuni na watatu waliochaguliwa na wanachama, maana kwa mpango wa aina hii nusu lazima watoke kwa wanachama. Mwenyekiti ndiye pia mkurugenzi wa fedha. Alianza kueleza hali ya biashara, bei ya karatasi, wateja wasiolipa. Mama mmoja wa idara ya usafirishaji, mdhamini wa wanachama, akainua mkono.

"Samahani, mheshimiwa mwenyekiti. Hapo unaongea kama mwenyekiti wetu au kama mkuu wa fedha?"

Kimya. Mashine zikasikika. Mwenyekiti akavua miwani, akafuta, akasema ni swali halali, akampisha makamu aendeshe ajenda hiyo. Nampa heshima yake kwa hilo. Nimeona wengi wakikasirika.

Wakili wa kampuni alishikilia barua za ajira za 2018: wafanyakazi walisaini kwamba pensheni ni ya mshahara wa msingi. Wakili wa wadhamini akajibu kwamba barua kati ya mwajiri na mfanyakazi haibadilishi hati ya amana. Hati ina mlango wake wa kubadilishiwa, wadhamini wanapitisha na Mamlaka inapelekewa, na mlango huo haukufunguliwa. Hoja ya kwanza iliisha hapo. Asilimia 7.5 ya mwajiri ililazimika kulipwa yote.

Sehemu ya mwanachama ndiyo iliyotugawanya. Wadhamini wawili walitaka kampuni ilipe yote, kwa kuwa kukata na kupeleka ni wajibu wa mwajiri. Mimi sikukubaliana nao moja kwa moja. Zile 300 zililipwa. Mzee alizipokea kama mshahara. Ukiilazimisha kampuni kuziweka tena, amelipwa mara mbili. Alichopoteza hasa ni faida ambayo zingezaa zikiwa ndani ya mpango, na hiyo hakuipoteza kwa kosa lake. Kwa upande mwingine huwezi kumgeukia mtu na kumkata deni la miaka saba kwa mkupuo mmoja. Sheria ya Ajira hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara, na hata isingekuwepo, ungemwambia nini mkewe?

Tukafika hapa: kampuni ilipe sehemu yake yote pamoja na faida ya sehemu zote mbili, kwa miezi 18, kwa kila aliyekuwa mwanachama, hata kama ametoka. Ile sehemu ya mwanachama yenyewe, anayetaka atairudisha kidogo kidogo kwa miezi 24, na kampuni itamchangia nusu. Asiyetaka, basi. Makubaliano yakaandikwa, Mamlaka ikaarifiwa, na kila mwanachama akapewa karatasi inayomwonyesha hesabu yake pamoja na maelezo kwamba asiporidhika na uamuzi wa wadhamini anaweza kumwandikia Afisa Mkuu wa Mamlaka aupitie, na baada ya hapo kuna mahakama maalumu ya rufaa.

Mzee alisoma yake akiwa amesimama. Nusu ya 23,640 kwa miezi 24 ni shilingi 492 na senti 50 kwa mwezi.

"Hiyo 210 nilikula, sikatai," akasema. "Lakini ile 90 ya kodi waliyokula KRA, nani ananirudishia?"

Nilijua ataiuliza. Kodi ya miaka iliyopita hairudi, lakini mchango anaoweka sasa unaondolewa kwenye mshahara unaotozwa kodi, na kikomo kilipandishwa Desemba 2024 kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Yeye yuko chini sana ya kikomo hicho. Kwa hiyo 492.50 itampunguzia kodi ya kama 148 kila mwezi. Akaichukua kalamu yangu, akapiga hesabu hiyo mwenyewe nyuma ya karatasi, akasaini.

Kati ya 143 waliopo, 97 wamekubali kurudisha. Shida imebaki kwa waliotoka, 61, ambao hawaji kwenye mkutano wa mwaka na ambao wengi walishabadilisha laini za simu. Tulianza na namba za zamani, kisha jamaa waliotajwa kwenye fomu. Mmoja alikuwa amefariki, na fomu yake ilimtaja mama yake peke yake, naye pia hayuko. Pesa hizo haziingii kwenye mirathi. Wadhamini ndio watakaoamua kwa kanuni za mpango, na wameita familia yote, wake wawili pamoja. Kikao hicho bado.

Kufikia Oktoba walikuwa wamepatikana 48. Tukabandika majina ya 13 waliobaki kwenye ubao wa lango la kiwanda, majina matupu bila kiasi wala namba za kitambulisho. Siku ya pili askari wa lango alinipigia.

"Bosi, huyu wa nne hapa anauza mitumba Gikomba, karibu na pale pa viatu. Na wa tisa ni shemeji yangu."

Wamebaki 11.